Gari la zamani, barabara za Mwanza: oili imwagwe kila baada ya kilomita ngapi?

Fundi wa Nyakato (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Swali hili linanifuata gerejini kila kukicha, na majibu yanayozunguka mtaani yanapishana mno. Huyu anaambiwa 3,000, yule 5,000, mwingine kauziwa galoni iliyoandikwa 10,000 na mpaka namba hiyo itimie hana habari na boneti. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa kuwekana sawa, hasa sisi wa magari yaliyokwisha kula chumvi: IST, Spacio, Raum, Carina, Corolla, Mark II, Noah na RAV4 za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000.

Jibu fupi kwanza, kwa wenye haraka. Injini ya petroli isiyo na tabo, oili ya kawaida: kilomita 5,000 au miezi 6, kitakachotangulia ndicho kinachohesabika. Gari la kuzunguka mjini tu, Kirumba hadi Makoroboi na kurudi, lipunguzie hadi 3,000 au 4,000. Dizeli za zamani za Toyota, yaani injini za 2L, 3L, 5L, 1KZ na 1HZ, usivuke 5,000.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Injini nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimenoki, wenyewe walimwaga oili kwa wakati. Stika ya sevisi ipo, kilomita hazijafika. Ila kati ya kumwaga na kumwaga hakuna aliyechomoa kipimo cha oili kuangalia, na oili ilishakwisha.

Pigeni hesabu nami. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST ya CC 1496 inabeba lita 3.7 hivi ukibadilisha na filta. 1ZZ-FE ya Spacio ni hapohapo. Chukua gari linalokula lita moja kila kilomita 2,000, jambo ambalo kwa injini ya umri huo si ajabu hata kidogo. Ukifika 5,000 limeshakula lita mbili na nusu. Imebaki lita moja na ushee kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukiupanda mlima wa Bugando na kiasi hicho, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zinasagana chuma kwa chuma. Sasa huyu mtu ukimwambia amwage kila 5,000 umemsaidia nini? Oili yake haifiki huko.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye gari la zamani ni hili: gari langu linakula oili kiasi gani? Ukishalijua hilo, namba ya kumwaga inajipanga yenyewe.

Kulijua ni rahisi. Siku ya kumwaga, jaza mpaka alama ya juu ya kipimo, andika kilomita kwenye daftari au kwenye simu. Kila wiki, asubuhi kabla hujawasha, chomoa kipimo, futa kwa kitambaa safi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena, soma. Gari liwe mahali tambarare. Hapa kwetu hili ni tatizo la kweli, maana ukiwa Isamilo au Mabatini sehemu ya kuegesha ni mteremko mtupu, na gari lililoinama linadanganya kwa pande zote mbili. Sogeza mpaka upate tambarare, zima, subiri dakika tano oili ishuke, ndipo upime. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwa gari ndogo nyingi, ni kama lita moja au zaidi kidogo. Ukiona imeshuka nusu ya hapo, ongeza taratibu. Usipitilize alama ya juu: krenki ikianza kupiga oili inaikoroga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Karibuni kwa maswali. Mwenye uzoefu tofauti aseme, tunajengana.

---

Mwenye IST, Buhongwa

Mkuu asante kwa uzi. Mimi niko na hiyohiyo IST. Nimeuziwa oili ya sintetiki, kopo linasema 10,000. Nimeinunua kwa bei ambayo ukinambia nimwage kwenye 5,000 roho itauma. Hivi Wajapani wenyewe wanamwaga kila baada ya kilomita ngapi? Maana kule nasikia wanaenda mbali sana.

---

Fundi wa Nyakato

Ndugu yangu wa Buhongwa, ni kweli wanaenda mbali. Toyota Japani inataja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa petroli isiyo na tabo. Lakini soma mstari unaofuata: gari likitumika katika mazingira magumu, nusu yake, yaani 7,500 au miezi 6. Na mazingira magumu wameyaeleza: barabara mbovu, vumbi, milima mingi, safari fupifupi zinazojirudia, mwendo wa polepole na kusimama muda mrefu injini ikiwaka. Soma orodha hiyo halafu ujiulize ni kipi kati ya hivyo hakipo kati ya Buhongwa na mjini. Mimi sikioni.

Halafu hiyo 7,500 ni ya injini nzima, oili yenye ubora wanaoutaja wao, na filta yao. Injini yako ringi za pistoni zimeshalegea kidogo. Moshi na petroli ambayo haijaungua vinapenya pembeni ya pistoni vinashuka kwenye oili. Oili hiyohiyo inachafuka haraka kuliko ingekuwa kwenye injini mpya. Ndiyo maana sisi tunashuka hadi 5,000.

Kuhusu sintetiki yako: ni kweli inavumilia joto na inadumu kuliko ya kawaida. Kama gari halili oili, hakuna moshi, na unatembea safari ndefu zaidi ya za mjini, ifikishe 7,000 kwa amani. 10,000 kwenye gari la umri huo siwezi kukushauri. Kopo halijui injini yako imeingiwa na nini. Na kama inakula lita kila 1,500, usinunue sintetiki kabisa. Utakuwa unachoma pesa kwa maana halisi ya neno. Nunua ya kawaida yenye ubora, uwe unaongeza.

Kitu kimoja zaidi. Fungua mlango wa dereva uangalie pembeni, au chini ya boneti. Magari mengi ya kutoka Japani huja na stika ya sevisi ya mwisho, tarehe na kilomita za kumwaga oili. Maandishi ni ya kwao ila namba zinasomeka. Kilomita za kwenye stika zikizidi za dashibodi, ujue dashibodi ilirudishwa nyuma, na injini imetembea kuliko ulivyoambiwa.

---

Sina Imani

Mafundi bwana. Mkiona gari mnaona hela. Nina Carina Ti, nimekwenda 9,000 na oili moja na gari linadunda. Fundi wangu kila akichomoa kipimo anasema "oili nyeusi hii, mwaga". Nyeusi nyeusi, kwani rangi ndiyo nini?

---

Fundi wa Nyakato

Mkuu, kwenye rangi uko sahihi na fundi wako ajirekebishe. Oili nzuri ina dawa ya kusafisha ndani yake. Inabeba masizi na kuyashikilia yasigande kwenye kuta za injini, na hayo masizi ndiyo yanayoifanya iwe nyeusi. Oili inayokuwa nyeusi inafanya kazi. Dizeli ndiyo usiseme, unamwaga leo kesho yake ni nyeusi kama wino. Anayekumwagisha oili kwa kuangalia rangi peke yake anabahatisha.

Ila ziko dalili za kweli. Inuse: ikinukia petroli waziwazi, kuna petroli inashuka humo, imeshapungua uzito. Isugue kati ya vidole viwili: ukihisi chembechembe kama mchanga laini, ni vumbi au chuma. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayofyonza, acha saa kadhaa. Oili iliyo hai hutawanya uchafu wake polepole kuelekea pembeni, doa linafifia. Oili iliyochoka huacha doa jeusi zito katikati limejikusanya, na pembeni duara la mafuta matupu. Maana yake haiwezi tena kubeba uchafu, inauacha.

Sasa hiyo 9,000 yako. Gari linadunda, sikatai. Injini ya oili chakavu haikuambii siku ile. Kinachotokea ni tope kujijenga chini ya kava ya valvu na kwenye chujio la pampu, kidogo kidogo, mpaka siku chujio linaziba. Hata kwenye nchi zenye oili safi na barabara za lami tupu yaliwakuta. Marekani, injini za 1MZ-FE na 5S-FE za 1997 hadi 2002 zilijaza tope kiasi kwamba mwaka 2002 Toyota ikaweka mpango maalumu wa kuzitengeneza kwa wateja hata baada ya dhamana ya kawaida kwisha. Ndizo injini zilezile zilizomo kwenye Harrier za toleo la kwanza. Fungua kizibo cha oili ya Carina yako mchana kweupe, mulika kwa tochi ndani. Ukiona chuma kina rangi ya kahawia nyepesi, uko salama. Ukiona ukoko mweusi kama wa chungu cha ugali, umeshaanza safari.

---

Mama Dagaa, Mwaloni

Fundi habari za kazi. Mimi ni mwanamke nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, nina Noah ya zamani, inapeleka mzigo Shinyanga. Hilo tope ulilolisema fundi wangu aliniambia lipo. Akataka tutie mafuta ya taa kwenye injini, tuwashe dakika kumi, tumwage, tope litoke lote. Wengine wanatia dizeli. Nimemwambia asubiri. Ni sawa au?

---

Fundi wa Nyakato

Mama shikamoo, na hongera kwa kumsubirisha. Usikubali.

Mafuta ya taa hayalainishi. Kwa hizo dakika kumi beringi zinazunguka karibu kavu. Halafu kibaya zaidi: tope la miaka halitoki kwa kuyeyuka, linabanduka vipande. Vipande vinashuka kwenye sampu, vinavutwa na pampu, vinakaa kwenye chujio lake. Siku hiyo gari linaondoka gerejini vizuri. Unafika Usagara au Misungwi na mzigo, taa ya oili inawaka.

Tope linaondolewa kwa uvumilivu. Mwaga, weka filta mpya, tia oili nzuri ya kawaida yenye dawa ya kusafisha. Mwaga tena baada ya kilomita 1,500, na filta tena. Kisha 2,000. Kisha 3,000. Kila mara ukimwaga angalia kilichotoka. Utaona mwenyewe inavyobadilika. Ni gharama ya galoni chache, na dagaa zako zitaendelea kufika. Kama tope ni zito sana, njia ya uhakika ni kushusha sampu, kuosha chujio kwa mkono na kurudisha na gasketi mpya. Kazi ya siku moja kwa fundi asiye na papara.

Ikishatulia, kwa gari la mzigo wa Shinyanga ningekaa kwenye 4,000.

---

Mama Dagaa, Mwaloni

Marahaba mwanangu. Wabeja sana. Kumbe nilihisi vizuri.

---

Mzee wa Pasiansi

Vijana, mimi nimeendesha tangu enzi za Peugeot 504 na Land Rover. Tulitia 20W-50 na hatukuwa na matatizo. Leo mwanangu kaninunulia Raum, fundi anatia oili nyepesi kama maji, 5W-30. Nikamwambia hii itaisha kabla ya Ilemela. Nieleze, uzito gani wa oili unafaa gari la zamani hapa kwetu?

---

Fundi wa Nyakato

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito na linastahili maelezo.

Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake ikishapata moto, kwenye nyuzi 100. Mwanza hatuna baridi ya kugandisha. Asubuhi ya baridi sana ni nyuzi 17 hivi, mchana 28 au 30. Kwa hiyo ukiangalia hali ya hewa peke yake, 20W-50 isingekuwa dhambi, na kwa zile injini zako za enzi hizo ilikuwa sahihi kabisa. Corolla 110 na Carina za injini za 5A na 7A, zisizo na VVT-i, hazilalamiki ukizipa 15W-40 au 20W-50.

Raum aliyokununulia mwanao, kama ni toleo la pili la 2003 kuendelea, ni jambo jingine. Injini hiyo ina VVT-i, ule mfumo wa kubadilisha muda wa valvu, na unaendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vinjia vyembamba na kichujio kidogo sana. Mvutaji wa cheni ya taimingi nao anasukumwa na oili hiyohiyo. Asubuhi ukiwasha, oili nzito inachelewa kufika huko juu, na unaisikia cheni inalia sekunde kadhaa. Kwa injini hiyo 5W-30 au 10W-30 ndiyo iliyoandikiwa. Ikianza kula oili panda ngazi moja, 10W-40, au 15W-40 ikizidi. 20W-50 humo isiwe kawaida.

Ila mzee, tuseme ukweli: uzito mkubwa unapunguza ulaji, hautibu ugonjwa. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi tu unapowasha kisha unakoma, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Ukitoka wakati wa kukanyaga mafuta kupanda mlima, ni ringi. Kabla hujakubali kushusha injini, mwambie fundi aangalie na valvu ya kupumulia gesi za injini, ile PCV iliyo kwenye kava ya juu. Ni kitu kidogo cha bei ndogo. Ikiziba, presha inajijaza ndani, oili inasukumwa nje kwenye sili na nyingine inavutwa inaungua. Nimeona watu wameshusha injini nzima, tatizo lilikuwa pale. Inaniuma kila nikiiona.

Kwa wenye 1ZZ kwenye Spacio na RAV4 za toleo la pili zenye CC 1800: pistoni zake zina vitundu vidogo vya kurudishia oili, vikizibwa na masizi ringi ya oili inashikana. Injini hiyo ndiyo inayoniletea wateja wengi wa "fundi oili inaenda wapi?" Ninyi msikose kipimo hata wiki moja, na 5,000 kwenu iwe dari, si lengo.

---

Teksi ya Nyegezi

Kaka fundi, sisi wa teksi je? Mimi nashinda stendi ya Nyegezi nasubiri abiria, kiyoyozi kinaunguruma. Kilomita kwenye dashibodi haziongezeki sana lakini injini inawaka siku nzima.

---

Fundi wa Nyakato

Umegusa penyewe. Dashibodi inahesabu matairi, haihesabu injini. Injini inayounguruma imesimama inachafua oili kama kawaida, na mara nyingine zaidi, kwa sababu haipati upepo wa kutosha na inachoma petroli vibaya. Mimi kwa kukadiria, saa moja ya kuunguruma umesimama naihesabu kama kilomita 40. Piga hesabu ya siku yako utashangaa. Kwa teksi ya namna hiyo, 3,000 za dashibodi.

Wale waliokuwa wakivuka Kigongo–Busisi kwa kivuko wanalikumbuka hili, foleni ndefu na injini inawaka kwa ajili ya kiyoyozi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita yamepona sehemu hiyo ya mateso.

Kinyume chake ni mtu wa safari fupi. Anatoka Kitangiri, dakika kumi yuko ofisini, anazima. Jioni hivyohivyo. Injini haijawahi kupata moto wa kutosha kukausha unyevu ulioingia kwenye oili. Ukifungua kizibo unakuta utando mweupe kama maziwa ya mgando. Msimu wa mvua unazidi. Ukiuona, usihamaki: lipeleke gari safari ya nusu saa bila kusimama, barabara ya Musoma mpaka Kisesa na kurudi inatosha, kisha futa kizibo. Utando ukirudi tena haraka, au maji ya rejeta yanapungua, hapo ni gasketi ya hedi, na ulete gari mapema.

---

Mwenye IST, Buhongwa

Mkuu nirudi kidogo. Nitajuaje oili si feki? Na ile ya kupima kutoka kwenye pipa, bei yake ni nusu.

---

Fundi wa Nyakato

Ya pipa mimi siwekei gari la mtu. Huwezi kujua nini kiliongezwa humo na pipa limekaa wazi siku ngapi kwenye vumbi. Kwa mashine ya kukoboa mwenye nayo aamue mwenyewe. Kwa IST, hapana.

Kwa ya kopo: sili chini ya kifuniko iwe nzima, namba ya toleo na tarehe vichapwe vikasomeka, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) iwepo, na udai risiti. Nunua kwa muuzaji utakayemkuta palepale kesho. Kisha geuza kopo usome herufi za API, yaani kiwango cha ubora wa oili. Petroli huanza na S. SP ni ya 2020, SN ya 2010, na kadiri herufi ya pili inavyokuwa mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya. Bado naona makopo ya SF madukani kwa bei ya kuvutia. SF ni kiwango cha magari ya kabla ya miaka ya 90, na IST imeanza kutengenezwa 2002. Mtu ananunua galoni yenye picha ya gari jipya, ndani yake kuna kiwango kilichopitwa kabla gari lake halijabuniwa. Kwa IST, Raum, Spacio na wenzao, chini ya SL usishuke, na SN au SP zinafaa bila shida kwenye injini za zamani. Dizeli huanza na C: tafuta CH-4 au CI-4 kwa Hiace na Hilux.

Ukimaliza kumwaga, toboa makopo matupu kabla hayajaondoka machoni pako. Kopo zima lenye chapa ndilo mtaji wa wauza feki.

Na filta, kila unapomwaga. Kuna watu hubadilisha mara moja kwa mara mbili ili kuokoa pesa kidogo. Filta ya zamani inabaki na oili chafu ndani yake na inaichanganya na mpya dakika ya kwanza. Mpya ipakwe oili kwenye mpira wake, ikazwe kwa mkono tu, ikishagusa ongeza robo tatu ya mzunguko. Nati ya sampu ipate washa mpya na isikazwe kwa hasira. Sampu zilizoharibika nyuzi hapa mjini ni nyingi mno, zote ni kazi ya mkono uliokaza kupita kiasi.

---

Mkazi wa Butimba

Nimefuatilia uzi wote kimya. Swali langu si la gari. Hiyo oili chafu mnayomwaga inakwenda wapi? Mvua ikinyesha naona mifereji ina rangi rangi juu ya maji, na yote inashuka ziwani. Maji tunayokunywa yanavutwa humohumo.

---

Fundi wa Nyakato

Nashukuru umeuliza, maana tunalizungumzia gari tukasahau tunapoishi.

Uko sahihi kwa kila neno. Mwanza imeinama, kila kinachomwagwa juu kinafika ziwani. Mto Mirongo unapita katikati ya mji na kuishia kulekule, na chanzo cha maji cha Capri Point kiko kwenye ziwa hilohilo. Oili chafu ina metali na masizi, haiozi haraka, na kiasi kidogo hutanda juu ya maji eneo kubwa. Samaki wadogo na mayai yao yako pembezoni ambako ndiko inakotua kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilishakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini mfereji wa maji ya mvua unaivuka mita 60 kwa dakika moja.

Kwangu inaingia kwenye pipa lenye mfuniko, chini ya bati, na filta zinachuruzishwa usiku mzima kabla ya kutupwa. Wapo wanaonunua kwa ajili ya kupaka mbao za kenchi dhidi ya mchwa. Wanaochukua nawaambia wavae glavu, kwa sababu oili iliyotumika si salama kwa ngozi, na wasipake mbao zinazoguswa na watoto. Ninachowaomba wenye magari: mkimwaga oili popote, muulizeni fundi inakwenda wapi. Akiona wateja wanajali, pipa litapatikana.

---

Teksi ya Nyegezi

Kaka, la mwisho. Taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani, naweza kusogea mpaka gereji ya karibu?

---

Fundi wa Nyakato

Hapana. Taa ile inaonyesha presha, haionyeshi kiasi. Mpaka iwake, oili imeshapungua sana au pampu haisukumi. Zima palepale, pembeni ya barabara.

Kuna mteja wa Spacio aliyekuwa anakwenda Musoma. Baada ya Magu taa ikawa inamulika kwenye kona na kuzimika kwenye mnyoofu. Akajipa moyo kwamba ni waya. Ile ya kumulika kwenye kona ndiyo oili ilikuwa inamwambia imebaki kidogo. Alifika karibu na Lamadi injini ikaanza kugonga. Beringi zilishakwisha, krenki imechubuka, ikabidi anunue injini nyingine ya mkononi. Oili yake ilikuwa na kilomita 3,000 tu tangu imwagwe. Angekuwa na lita moja kwenye buti, angeongeza palepale Magu akaendelea na safari.

---

Mwenye IST, Buhongwa

Nimepima asubuhi hii. Iko chini kidogo ya katikati. Nilimwaga kilomita 2,100 zilizopita. Mwezi ujao nakwenda nayo Dar.

---

Fundi wa Nyakato

Basi inakula kidogo, si ya kutisha. Ongeza mpaka alama ya juu leo, andika kilomita. Kwa Dar mwaga kabla ya safari ikiwa umeshapita 4,000. Kama bado, nenda nayo. Pima Singida, pima Dodoma, gari likiwa limepoa dakika tano hadi kumi na limesimama tambarare. Kwenye buti beba lita moja ya aina ileile iliyomo ndani, uzito uleule, na kitambaa safi. Usitegemee kuipata ya aina yako kituo cha mafuta njiani. Ukirudi tuandikie hapa imekula kiasi gani kwenda na kurudi, wenye IST wenzako wapate pa kulinganishia.